Viwakilishi Hatua kwa Hatua: Mwongozo Kamili kwa Anayekosea Kila Mara

Swali linasema: tunga sentensi ukitumia kiwakilishi cha pekee. Mtahiniwa anaandika, "Watoto wote wamelala." Sentensi ni safi, tahajia haina doa, na bado anapata sufuri. Neno "wote" hapo ni kivumishi, kwa sababu nomino "watoto" imekaa papo hapo kando yake. Angeandika "Wote wamelala," alama zingekuwa zake.

Kosa hili hurudi kila msimu wa mitihani, iwe ni Nakuru, Kisumu, Kakamega au Bungoma. Wanaolifanya wengi wanajua majina ya aina zote za viwakilishi kwa moyo. Wanachokosa ni namna ya kupima neno lililo mbele yao. Katika karatasi ya pili ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne nchini Kenya, matumizi ya lugha hubeba alama 40 kati ya 80, na viwakilishi hujitokeza humo kwa sura nyingi: kutunga, kutambua, kubadilisha, kuchanganua. Hapa tutapita hatua moja baada ya nyingine. Usiruke hatua, kwa kuwa hatua ya nne haieleweki bila ya tatu.

## Unachohitaji

- Daftari moja lisilo na kazi nyingine.
- Kalamu ya rangi mbili: buluu ya kuandika, nyekundu ya kupigia mstari.
- Kipande cha karatasi ngumu, upana wa vidole viwili, cha kufunikia maneno.
- Chati ya ngeli, yaani makundi ya nomino kulingana na upatanisho wake. Kama huna, iliyo katika hatua ya nne itakutosha.
- Sentensi kumi ulizoandika mwenyewe kwenye insha ya karibuni. Sentensi za vitabu zimekwisha kusafishwa, hazitakuonyesha makosa yako.

Tenga muda wa saa moja kwa hatua ya tatu na ya nne. Nyingine ni za dakika kumi au ishirini.

## Hatua ya 1: Funika nomino

Kiwakilishi ni neno linalosimama mahali pa nomino. Kivumishi ni neno linaloifafanua nomino iliyopo. Neno lile lile laweza kufanya kazi zote mbili, kwa hiyo kulitazama peke yake hakutakusaidia. Tazama jirani zake.

Andika sentensi hii: *Mitumbwi mikubwa imeegeshwa Dunga.* Chukua karatasi yako ngumu, funika "mitumbwi", kisha soma kilichobaki: *Mikubwa imeegeshwa Dunga.* Sentensi inasimama. Katika sentensi ya kwanza "mikubwa" ilikuwa kivumishi cha sifa; katika ya pili imekuwa kiwakilishi cha sifa. Hakuna herufi iliyobadilika.

Sababu ya jaribio hili kufaulu ni upatanisho. Kiambishi *mi-* katika "mikubwa" na *i-* katika "imeegeshwa" vinamwambia msikilizaji kwamba tunazungumzia kitu cha ngeli ya U-I, wingi. Nomino ikiondoka, alama yake inabaki.

Tahadhari ya kwanza. Nomino yaweza kuja baada ya neno unalolipima. Katika *Wale wavuvi wamerudi*, "wale" ni kivumishi, ingawa limetangulia. Wengi huona kionyeshi mwanzoni mwa sentensi wakakimbilia kuandika kiwakilishi.

Tahadhari ya pili. Linganisha na *Wale ni wavuvi.* Hapa "ni" imesimama katikati. "Wale" ndilo kiima, limejitegemea, basi ni kiwakilishi.

Tahadhari ya tatu. Maneno machache hayabadiliki kazi. "Kila" na "gani" huhitaji kitu cha kufafanua, hivyo ni vivumishi: huwezi kusema "Gani imepotea?" ukaeleweka. "Nani", "mimi", "wewe" na wenzao ni viwakilishi siku zote.

Umefaulu ukiweza kuandika jozi tano za sentensi, ya kwanza ikiwa na kivumishi, ya pili neno lile lile likiwa kiwakilishi, bila kutazama popote. Walimu, tunawasihi: msikaririshe orodha ya aina za viwakilishi kabla ya mwanafunzi kuliweza jaribio hili.

## Hatua ya 2: Nafsi huru, na mahali pa kuziacha

Nafsi huru ni sita: *mimi, wewe, yeye, sisi, nyinyi, wao.* (*Ninyi* nayo ni sahihi.) Kuzijua ni rahisi. Kazi ni kujua lini zinahitajika.

Tazama mwanzo wa insha nyingi: "Mimi ninaitwa Barasa. Mimi ninaishi Webuye. Mimi ninapenda kusoma." Kiambishi *ni-* katika kila kitenzi kimekwisha kutaja nafsi. "Mimi" linarudia kazi ambayo imefanywa. Futa zote tatu, insha itapumua.

Nafsi huru inahitajika katika mahali hapa:

Panapokuwa na ulinganisho. *Mimi nilibaki Njoro, yeye akaenda Molo.*

Baada ya "ni" na "si". *Ni wewe uliyeita?* Au kwa ufupi: *ndimi, ndiwe, ndiye, ndisi, ndinyi, ndio.*

Baada ya "na". *Nimekuja na yeye,* au *naye.* Vifupi ni *nami, nawe, naye, nasi, nanyi, nao.*

Na penye *hu-* ya mazoea. Hili husahaulika sana. Kitenzi "hulala" hakibebi nafsi yoyote: mimi hulala, wewe hulala, wao hulala. Ukiandika "Hulala saa tatu" bila kumtaja mtu hapo kabla, msomaji hajui ni nani. Hapo "mimi" ni la lazima.

Makosa manne hujirudia:

*"Sisi wote tumefika."* Sahihi ni sisi sote, nyinyi nyote, wao wote. Mzizi *-ote* hupatana na nafsi, na nafsi ya kwanza wingi huchukua *s-*, ya pili *ny-*.

*"Mimi na Chebet nilienda sokoni."* Viima ni viwili, basi kitenzi kiwe cha wingi: Mimi na Chebet tulienda. Nafsi ya kwanza ikiwamo, kitenzi huchukua *tu-*. Ikiwamo ya pili bila ya kwanza, huchukua *m-*: Wewe na Chebet mtaenda. Ukitaka umoja, panga upya: *Nilienda sokoni na Chebet.*

*"Kitabu changu, yeye amepotea."* "Yeye" na "wao" ni za ngeli ya A-WA pekee. Kitabu ni *hicho, kile* au *chenyewe*. Kosa hili huwapata zaidi wanafunzi ambao lugha yao ya mama ni Dholuo, kwa kuwa neno *en* katika Dholuo humtaja mtu na hutaja kitu pia, na lugha hiyo haina ngeli kama za Kibantu. Mwanafunzi anayezungumza mojawapo ya lugha za Kiluhya, Kikuyu au Ekegusii hana shida na wazo la upatanisho, kwani ngeli anazo nyumbani. Yeye hupotea kwenye viambishi vyenyewe.

*"Kijana hiki kimefika."* Umbo la KI-VI lisikudanganye. Kijana, kipofu, kiongozi, kifaru, wote wana uhai, basi ni A-WA: *huyu amefika.* Hata samaki aliye juu ya meza pale soko la Kibuye bado ni A-WA. *Huyu ni pesa ngapi?* Si "hii".

## Hatua ya 3: Ingia ndani ya kitenzi

Kitenzi cha Kiswahili hubeba viwakilishi tumboni. Hivi ndivyo viwakilishi nafsi viambata. Wengi huviruka kwa sababu havionekani kama maneno.

Chukua kitenzi *nilichokinunua* katika "Kikapu nilichokinunua Nakuru kimekatika." Kikate kwa kalamu nyekundu:

ni – li – cho – ki – nunu – a

*Ni* ni mtendaji, mimi. *Li* ni wakati uliopita. *Cho* ni kirejeshi, kinarudi kwenye kikapu. *Ki* ni mtendwa, kikapu kile kile. *Nunu* ni mzizi, *a* ni kiishio. Katika neno moja kuna alama tatu zinazosimama badala ya nomino. Penye alama ya wakati, mpangilio huu haubadiliki: mtendaji, wakati, kirejeshi, mtendwa, mzizi. Ukiandika "nilikichonunua" umevuruga foleni.

Viambishi vya mtendaji ni *ni, u, a, tu, m, wa.* Vya mtendwa ni *ni, ku, m, tu, wa, wa.* Linganisha orodha mbili hizo utaona tofauti tatu. Wewe ni *u* ukitenda, *ku* ukitendwa. Yeye ni *a* akitenda, *m* akitendwa. Nyinyi ni *m* mkitenda, *wa* mkitendwa. Tofauti hizo tatu ndizo chanzo cha makosa karibu yote ya hatua hii.

### Ku nne zisizofanana

Hapa ndipo wanafunzi wazuri huanguka, kwa hiyo tutakaa kidogo.

*Anakupenda.* Ku ni mtendwa, wewe.

*Anakula.* Ku hii si mtu. Mzizi ni *-l-*, ni mfupi mno kubeba mkazo wa neno, kwa hiyo *ku* ya kitenzi-jina imebaki kuushikilia. Ndivyo ilivyo kwa *anakuja, anakunywa, anakufa.*

*Hakusoma.* Ku hii ni alama ya ukanushi wa wakati uliopita. Mtendwa hayumo.

*Kusoma kunafaa.* Ku katika "kunafaa" ni ya ngeli ya KU, inasimama badala ya kitendo chenyewe.

Sasa soma *sikukuona.* Si-ku-ku-on-a. Ya kwanza ni ukanushi, ya pili ni wewe. Ukiandika "Sikuona jana" ukikusudia kumwambia mtu kwamba hukumwona, umemwondoa mtu huyo kwenye sentensi.

Njia ya kupima: weka "yeye" mahali pa "wewe". Ku ikigeuka kuwa *m*, ilikuwa mtendwa. *Anakupenda* → *anampenda.* Imegeuka. *Anakula* → haigeuki, kwa sababu hakuna mtu wa kubadilisha.

Jambo moja zaidi: mtendwa akiingia kwenye kitenzi chenye mzizi mfupi, ku ya kushikilia hutoka. *Ninakula ugali,* lakini *ninaula.* Si "ninaukula".

### Lini mtendwa awekwe

Kama mtendwa ni mtu au mnyama anayejulikana, kiambishi ni cha lazima. *Nilimwona Wafula,* si "niliona Wafula". *M* mbele ya irabu huwa *mw*: alimwita, alimwokoa.

Kama ni kitu, weka kiambishi pale kitu hicho kinapojulikana tayari au kilipokwisha kutajwa. *Nilinunua kikapu* (chochote kile). *Nilikinunua kikapu* (kile tulichokizungumzia).

Kitenzi huchukua kiambishi kimoja tu cha mtendwa. *Nilimpa Achieng kitabu* haliwezi kuwa "nilimkipa". Anayepokea ndiye hubaki ndani ya kitenzi. Kitu hutajwa nje: *Nilimpa hicho.*

### Wa- yenye mashaka

*Niliwaona* ni nyinyi au wao? Umbo ni moja. Tiba ni mbili: ongeza nafsi huru, *niliwaona nyinyi,* au ongeza *-ni* mwishoni, *niliwaoneni.* Katika barua rasmi na hotuba, tumia mojawapo, maana msikilizaji hawezi kukisia.

Umefaulu hatua hii ukiweza kukata vitenzi kumi vya insha yako na kutaja kila kiambishi bila kubaki na kipande kisicho na jina.

## Hatua ya 4: Safu ya O

Ukiwa na siku moja tu ya kusoma viwakilishi, isome hatua hii. Silabi moja kwa kila ngeli hukufungulia milango saba. Iandike ubavuni mwa daftari:

| Nomino | O yake |
|---|---|
| mwalimu / walimu | ye / o |
| kikapu / vikapu | cho / vyo |
| soko / masoko | lo / yo |
| mtumbwi / mitumbwi | o / yo |
| wavu / nyavu | o / zo |
| ndizi / ndizi | yo / zo |
| ugonjwa / magonjwa | o / yo |
| ugali | o |
| sukari | yo |
| maziwa | yo |
| kuvua | ko |
| mahali | po, ko, mo |

Haina haja ya kukaririwa kama wimbo, kwa kuwa inajengeka. Chukua kiambishi cha ngeli, ongeza *o*: ki+o = cho, vi+o = vyo, li+o = lo, i+o = yo, ya+o = yo, zi+o = zo, ku+o = ko, pa+o = po. Kwa *u* na *wa* hubaki *o* tupu. A-WA umoja pekee ndiyo hukaidi na kuchukua *ye*.

Sasa chukua *cho* ya kikapu uifungue milango yake:

1. Na *na-*: nacho. *Amekuja nacho.* Pia *ninacho, tunacho.*
2. Na *ndi-* na *si-*: ndicho, sicho.
3. Na *amba-*: ambacho.
4. Ndani ya kitenzi: nilichobeba.
5. Mwishoni mwa kitenzi kisicho na wakati: nibebacho.
6. Na *-o-ote*: chochote.
7. Ndani ya kionyeshi cha kati: hicho.

Badilisha kikapu kwa soko, upate nalo, ndilo, ambalo, nililoliona, lolote, hilo. Badilisha kwa nyavu, upate nazo, ndizo, ambazo, zozote, hizo.

Mambo mawili ya kuangalia. Penye *o* tupu, *-o-ote* huchukua *w*: wowote, iwe ni watu, mtumbwi au ugali. Na A-WA umoja hutoa yeyote, lakini kionyeshi chake ni huyo, si "huye".

Umefaulu ukiweza kuchukua nomino yoyote unayoiona dirishani na kutoa maumbo yake saba kwa nusu dakika.

## Hatua ya 5: Kirejeshi, chagua njia moja

Kirejeshi hurejelea nomino na kuifungulia maelezo. Njia ni mbili: *amba-*, au *o* kwenye kitenzi chenyewe.

*Mwalimu ambaye alitufunza.* Sahihi.
*Mwalimu aliyetufunza.* Sahihi.
*Mwalimu ambaye aliyetufunza.* Kosa.

Kosa hilo la tatu husikika redioni, mikutanoni na hata katika taarifa rasmi, ndiyo maana masikio yamelizoea. Ukishaandika *amba-*, kirejeshi kimewekwa. Kitenzi kinachofuata kibaki kitupu.

Kosa jingine ni kuitwika "ambayo" kila nomino: "mtoto ambayo", "vitabu ambayo". Rudi kwenye safu ya O.

O ya ndani haikubali kila wakati. Inakubali *-li-*, *-na-*, na wakati ujao, ambapo *-ta-* hugeuka *-taka-*: atakayekuja. Inakubali pia ukanushi wa *-si-*: asiyekuja. Haikubali *-me-*. Hakuna "amekuyefika" wala "ameyefika". Sema ambaye amefika. Kwa hiyo swali likikuambia ubadilishe *amba-* kuwa o-rejeshi, tazama wakati kwanza.

Je, kirejeshi ni kiwakilishi kila mara? Tumia jaribio la hatua ya kwanza. *Mgonjwa ambaye alilazwa ametoka*: nomino ipo, "ambaye" ni kivumishi kirejeshi. *Ambaye alilazwa ametoka*: nomino imeondoka, ni kiwakilishi kirejeshi.

## Hatua ya 6: Aina zilizobaki

Viashiria, yaani vionyeshi. Vya karibu hujengwa kwa *h*, irabu ya kiambishi cha ngeli, kisha kiambishi chenyewe: h-i-ki, h-i-vi, h-i-li, h-a-ya, h-u-u, h-i-zi, h-a-pa. Vya kati huingiza safu ya O. Vya mbali huweka kiambishi mbele ya *-le*: kile, vile, lile, yale. Kiswahili cha mtaani Kondele au Kaptembwo hutumia "hii" na "ile" kwa kila kitu: hii mtu, ile vitabu. Mtaani watu wanaelewana na hakuna wa kumlaumu mwenzake. Kwenye karatasi ya mtihani na barua ya kazi, upatanisho ndio unaopimwa.

Vimilikishi. *-angu, -ako, -ake, -etu, -enu, -ao.* *Changu kimepotea, lenu limefungwa.* Angalia majina ya jamaa na marafiki: twasema *rafiki yangu amefika, dada zangu wamefika.* Kimilikishi kinafuata umbo la I-ZI huku kitenzi kikifuata A-WA.

Vya pekee. *-enye, -enyewe, -ote, -o-ote, -ingine, -ingineo.* Cha kukumbuka ni kwamba *-enye* haisimami bila kijalizo: *Mwenye duka amefunga.* Ukiandika "Mwenye amefunga" umetumia umbo la mazungumzo ya bara lililochukua nafasi ya kirejeshi. Sahihi ni *Aliyefunga.*

Vya idadi. *Watatu wamechelewa. Wachache walibaki.*

Viulizi. *Nani? Nini? Yupi? Ngapi?* *Yupi ameshinda?* ni kiwakilishi; *Mkimbiaji yupi ameshinda?* ni kivumishi.

A-unganifu, yaani kiambishi cha ngeli pamoja na *-a*. *Cha Otieno kimevunjika. Wa kwanza amewasili.*

Ji ya kujirejelea. *Nimejikata, umejikata, wamejikata.* Ji haibadiliki kwa nafsi. Ukiandika "nimenikata", umekosea.

## Hatua ya 7: Uliza "nani hasa?"

Kiwakilishi chaweza kuwa sahihi kisarufi na bado kikamchanganya msomaji. *Achieng alimwambia Atieno kwamba ameshinda.* Nani kashinda? Kiambishi *a-* hakisemi mume wala mke, wala cha nani kati ya wawili.

Soma insha yako ukizungushia duara kila *a-, wa-, -m-, -ake* na kila *huyo*. Chora mshale kutoka kwa duara hadi nomino inayorejelewa. Mshale ukiweza kwenda kwa nomino mbili, rekebisha: rudia jina, au sema *yeye mwenyewe*, au tumia kauli ya moja kwa moja, *"Umeshinda," Achieng alimwambia Atieno.* Mshale ukikosa pa kwenda, nomino haijatajwa kabisa, itaje kwanza.

Kazi hii inafaa hata nje ya shule. Kumbukumbu za chama na mapatano ya shamba huzaa ugomvi kwa sababu ya "yeye" mmoja asiyejulikana ni nani.

## Hatua ya 8: Kiweke kwenye mchoro

Katika uchanganuzi, kiwakilishi huandikwa W na hukaa ndani ya kirai nomino, KN. S ni sentensi, KT ni kirai tenzi, N ni nomino, V ni kivumishi, T ni kitenzi, E ni kielezi.

*Sisi sote tumefika mapema.*
S → KN + KT
KN → W (sisi) + V (sote)
KT → T (tumefika) + E (mapema)

*Yule aliyeanguka ameamka.*
S → KN + KT
KN → W (yule) + S (aliyeanguka)
KT → T (ameamka)

Kosa la kawaida ni kuandika N chini ya "yule" kwa kuwa limekaa mahali pa nomino. Mahali ni pa nomino, neno ni W.

Kwa sentensi kama *Tumefika*, ambapo hakuna neno nje ya kitenzi, KN hubaki tupu na huandikwa kwa alama ya Ø. Usiitoe *tu-* kwenye kitenzi kuipeleka upande wa KN.

## Jipime

Methali hupenda kuiacha nomino na kubaki na kiwakilishi, kwa hiyo ni mazoezi mazuri kuliko sentensi za kutungwa. Funika majibu, piga mstari chini ya kila kiwakilishi, taja aina na ngeli.

1. Cha mlevi huliwa na mgema.
2. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.
3. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
4. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.
5. Wengi wape.
6. Aliye juu mngoje chini.
7. Kikulacho ki nguoni mwako.

Majibu

1. *Cha*: a-unganifu, KI, badala ya kitu au kinywaji.
2. *Mwenye* mara mbili: cha pekee, A-WA. Ndani ya *hamjui* kuna *m* ya mtendwa, yule mwenye njaa.
3. *Kizuri, kibaya*: vya sifa, KI. *Ji* katika vitenzi vyote viwili ni ya kujirejelea.
4. *Asiyesikia*: kirejeshi *ye*, A-WA. *La*: a-unganifu, LI, badala ya neno. Aliyeandika "la" ni ukanushi na arudi hatua ya 6.
5. *Wengi*: cha idadi, A-WA. *Wa* katika "wape" ni mtendwa. Kitenzi *-pa* hakitumiki bila mtendwa.
6. *Aliye*: kirejeshi *ye*. *M* katika "mngoje" ni mtendwa, yeye, wala si nyinyi. Ungekuwa unawaambia watu wengi ungesema *mngojeni*.
7. *Ki-ku-l-a-cho*: *ki* mtendaji, *cho* kirejeshi. *Ku* je? Ipime kwa "yeye": *kimlacho*. Imegeuka kuwa *m*, basi hapa *ku* ni wewe, ingawa kitenzi ni kile kile cha "anakula".

Ukikosa la saba, rudia sehemu ya Ku nne katika hatua ya tatu. Ukikosa la kwanza na la nne, shida ni hatua ya kwanza: hujaitafuta nomino iliyoachwa.